Moshi wa gari lililolala usiwe hukumu ya turbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wamiliki wa magari yenye turbo (feni inayozungushwa na gesi ya ekzosi ili kusukuma hewa nyingi ndani ya injini), pamoja na mafundi wanaoyahudumia, jambo linalowatoa watu fedha nyingi bila sababu. Mijini kwetu yapo magari mengi yanayokaa muda mrefu bila kuwashwa: ya watu waliokwenda masomoni ng'ambo, ya marehemu ambayo warithi wanasubiri mirathi, yaliyoshikiliwa kituoni kama kielelezo, na ya taasisi yanayoegeshwa uani hadi siku ya mnada. Gari la namna hiyo, liwe Subaru Forester ya petroli au Prado ya dizeli, likiwashwa na ekzosi ikatoa moshi, neno la kwanza la fundi huwa "turbo imekufa", na la pili huwa bei ya turbo ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam.

Turbo husingiziwa kwa sababu wengi hawajui oili inavyopita ndani yake. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili hiyo haizuiwi na sili ya mpira kama ile ya krenki, bali na ringi nyembamba za chuma zikisaidiwa na msukumo wa hewa upande mmoja na wa gesi ya ekzosi upande wa pili. Kisha huteremka yenyewe kurudi kwenye sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini, bila pampu yoyote ya kuivuta. Kwa hiyo paipu ya kurudishia ikiziba kwa oili iliyokauka na kuwa masizi, au valvu ya kupumulia injini, ambayo mafundi huiita PCV, ikiganda hata hewa ya ndani ikakosa pa kutokea, oili hushindwa kushuka, hujaa katikati ya turbo na kupenya hadi kwenye ekzosi, ilhali turbo yenyewe ni nzima. Funga nyingine mahali hapo bila kuzibua paipu, nayo itatoa moshi uleule.

Rangi ya moshi husaidia, lakini wakati unapotoka husaidia zaidi, na hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya haraka. Moshi wa bluu, yaani wa oili inayoungua, unaotoka gari linapowashwa asubuhi na kukoma baada ya muda mfupi huelekeza kwenye sili za valvu, ambazo ni za mpira na hukakamaa gari likilala. Sili hizohizo hujionyesha pia dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha akakanyaga tena. Katika Subaru, ambayo silinda zake zimelala ubavu, oili kidogo huweza kutuama ndani ya silinda, hivyo wingu dogo la mara ya kwanza lisimtishe mtu. Moshi wa bluu unaoongezeka kila gari linapovuta mzigo huelekeza kwenye ringi za pistoni, ambazo huenda zimeshikana tu kwa utandu, au kwenye hiyo PCV. Dalili inayoweza kuihusu turbo na njia yake ya oili ni hii: gari likae sailensa, yaani liungurume bila kukanyagwa mafuta, dakika kadhaa likiwa na moto kamili, kisha likanyagwe, na wingu kubwa litoke kwa mpigo.

Moshi mweupe una hadithi nyingine. Ukiwa hauna harufu na ukatoweka ekzosi ikishika moto, ni maji yaliyokusanyika kwenye bomba, basi. Ukiwa na harufu tamutamu na ukaendelea, pima kimiminika cha rejeta injini ikiwa baridi, na utazame kama kuna mapovu, kwani gasketi ya hedi huenda imepitisha. Rejeta isipopungua, usisahau kutazama kikopo cha mafuta ya breki. Sili ya pampu kuu ya breki ikichoka, mafuta hayo huvutwa kupitia busta, kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki, hadi ndani ya injini na kuungua humo. Kwa dizeli, moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yasiyoungua, na sababu hutafutwa kwenye nozeli, plagi za kupashia joto au kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa: kagua kiota cha panya kwenye filta, paipu ya intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyochomoka, na petroli ya tangu zamani tangini.

Ukaguzi wa turbo yenyewe hauhitaji kuishusha injini. Gari likiwa limezimwa na limepoa, paipu ya hewa huondolewa na shafti ikashikwa kwa vidole. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu utando wa oili haupo wakati huo. Kucheza kwa kuingia na kutoka, au mapezi kugusa ukuta, ndiko kunakoihukumu. Kwa upande wa ringi, kompresheni ipimwe ikiwa kavu, kisha oili kidogo itiwe ndani ya silinda na ipimwe tena: ikipanda sana, ringi ndizo zenye hatia, isipopanda, tazama valvu. Fundi asiyefanya vipimo hivi, kwa maoni yangu, hana haki ya kutaja bei ya turbo.

Mengi ya haya yangeepukwa kabla hata ya kuwasha. Gari lililolala limwagwe oili ya zamani na kubadilishwa filta, petroli iliyochakaa itolewe, kisha fyuzi ya pampu ya petroli ichomolewe na stata ipigwe kwa vipindi vifupi mpaka taa nyekundu ya oili izimike, ili turbo isianze kuzunguka ikiwa kavu. Baada ya hapo liwashwe bila kukanyagwa. Oili iliyokwisha kuingia kwenye masega (kisafishio cha gesi ya ekzosi) na silensa ya bomba la moshi huendelea kuungua muda fulani hata baada ya tatizo kwisha, kwa hiyo gari lipewe safari kadhaa za kawaida kabla ya kuamuliwa. Jambo moja tu halisubiri: dizeli ikitoa moshi mzito wa bluu huku mzunguko ukipanda wenyewe, inakula oili yake na haitazimika kwa ufunguo, watu wakae mbali, na suluhisho ni kuikatia hewa.

Nawaomba wanaoendesha minada waandike kwenye tangazo ni lini gari liliwashwa mara ya mwisho, na waruhusu liwashwe mbele ya wanunuzi. Nasema hivyo kwa sababu wapo wauzaji wanaotia oili nzito na kulipasha gari moto mapema, nao moshi wa asubuhi ukapotea kabla mteja hajafika. Mnunuzi atangulize mkono kwenye boneti, na akikuta kuna joto, aombe kurudi kesho yake alfajiri.

Wako msomaji,
Fundi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam