Kabla ya kumlipa fundi, tazameni tarehe

Bwana Mhariri,

Nina sekretaria ndogo katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: kompyuta mbili, printa moja, na waya wa kuazima umeme kwenye jenereta ya jirani. Wiki iliyopita papa mmoja aliniletea kompyuta yake ya mezani huku amefura, akidai kampuni ya intaneti inamla pesa bure. Kila tovuti aliyofungua ilimwambia muunganisho si salama. Fundi wa kwanza alikwisha kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, picha za harusi ya binti yake zikaenda humo humo. Siku mbili baadaye umeme ukakatika, ugonjwa ukarudi vilevile.

Mimi nilitazama pembeni chini kwenye skrini. 1 Januari 2012! Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mashine inayoamini tuko 2012 inaona vyeti vya leo havijaanza kazi, inavikataa. Intaneti ya papa ilikuwa nzima.

Ndani ya mashine kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Ndiyo inayoshika saa umeme ukiondoka, na kwetu umeme unaondoka sana, kwa hiyo inachoka mapema. Tuliibadilisha, upande wenye alama ya kujumlisha ukatazama juu. Bei yake haikufika chupa moja ya bia ya Simba.

Kuna jingine linaloniudhi zaidi. Mashine nyingi ninazoletewa zimewekwa saa za Kinshasa, ambazo ziko saa moja nyuma yetu. Watu wanaisukuma saa mbele kwa mkono, wanaridhika. Kesho mashine ikipata intaneti inajirudisha. Acheni kusukuma saa, badilisheni ukanda wa saa. Kwenye simu chagueni Lubumbashi, hata ninyi ndugu wa Goma na Bukavu, maana ukanda wetu ni mmoja. Kwenye Windows jina letu halimo (sijui tumewakosea nini): tafuteni UTC+02:00, mstari wenye Harare na Pretoria.

Papa yule alirudi juzi. Saa yake inakwenda sawa. Anataka picha za harusi. Nimemwambia aizime mashine, asihifadhi hata faili moja kwenye diski ile mpaka tujaribu kuzitafuta.

Mama wa sekretaria,
Kenya, Lubumbashi