Wanafunzi wapewe kazi ya kutufundisha vifaa saidizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifaa saidizi vya wanafunzi wenye ulemavu vinavyolala kabatini katika shule zetu za Dodoma, ilhali wanaovihitaji wapo darasani. Vingi ni vizima. Vimelala kwa sababu mwalimu hajaoneshwa namna ya kuviwasha, mzazi anaogopa kuviharibu, na semina ikija huwa ya siku moja, watu wamejaa ukumbini wanatazama picha ukutani, hakuna anayeshika chochote. Pendekezo langu ni kwamba kazi ya kuwafundisha walimu na wazazi wapewe wanafunzi wanaovitumia vifaa hivyo kila siku, wakishirikiana na wanachuo wa ualimu na wa kompyuta. Mkoa huu una Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo cha Ualimu Mpwapwa na Bustani kule Kondoa, hivyo vijana wa kushirikiana nao hatuna haja ya kuwatafuta mbali.

Nianze na kile ambacho walimu tayari wanacho. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, navyo vinatumia Android. Humo inafanya kazi programu ya TalkBack, inayomsomea asiyeona kila kilichopo kwenye kioo. Wako waliokutana nayo bila kukusudia: vitufe viwili vya sauti vilibanwa pamoja, kishikwambi kikaanza kuongea, kugusa mara moja kukawa hakufungui kitu, mwenye nacho akadhani kimeingia virusi. Ikiwa njia hiyo ya mkato ndiyo iliyoiwasha, basi bana tena vitufe vyote viwili kwa sekunde tatu, itazima. Ikiwa imewashwa, papasa kioo kwa kidole kimoja usomewe, telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gonga mara mbili haraka kufungua, na tumia vidole viwili kusogeza ukurasa. Hayo yanatosha kwa somo la kwanza, na mwanafunzi asiyeona aliyezoea anayafanya bila kufikiri.

Linalokwamisha wengi baada ya hapo ni sauti. Kishikwambi kilichowekwa sauti ya Kiingereza kikisoma notisi za Kiswahili, hata neno "chakula" hulitambui. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kubadili maandishi kuwa matamshi, chagua Kiswahili, kisha pakua sauti yake ukiwa na mtandao ili baadaye isome bila bando. Kwenye kompyuta za Windows ipo NVDA, programu ya bure ya kusoma kioo kwa sauti, ambayo nakala yake inaweza kukaa kwenye flashi na kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Nayo inaweza kuanza na sauti isiyojua Kiswahili. Bonya Insert, Control na S kwa pamoja, chagua eSpeak NG, halafu kwenye mipangilio ya sauti weka Kiswahili. Sauti yake ni kavu na wengi huilalamikia siku ya kwanza, lakini inatamka vizuri. Ikiongea mfululizo, Control inainyamazisha.

Kuna jambo moja ambalo walimu wakilijua litawaondolea watoto wasioona adha kubwa. Notisi zikipigwa picha ubaoni na kutumwa WhatsApp, au mtihani wa zamani ukiskaniwa, kwa kawaida programu hizi hazisomi vizuri, kwa sababu mbele yake kuna picha, hakuna maandishi. Namna ya kujua ni rahisi: shikilia kidole juu ya neno moja. Likichaguka peke yake, ni maandishi. Lisipochaguka, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni picha, basi chapa upya au pitisha kwenye Google Lens ili itoe maneno. Maandishi ya mkono hukosewa sana, hasa herufi zilizoungana, kwa hiyo lazima mtu anayeona ahakiki kabla ya kutuma.

Wazazi na walezi wasiojua kusoma wasisahaulike. Android ina kipengele kingine chepesi, Select to Speak, kinachosoma maneno unayoyagusa tu, bila kubadilisha namna ya kutumia simu. Bibi anayelea mjukuu anaweza kusikiliza mwenyewe ujumbe wa shule badala ya kumpelekea jirani. Anayeona asianzishwe na TalkBack, itamchosha bure.

Kwa watoto wenye uziwi, kero kubwa ni betri za shimesikio, yaani kifaa cha sikioni cha kusaidia kusikia. Betri hizi hufanya kazi kwa hewa. Ukibandua kile kistika kinachoziba betri mpya, subiri dakika moja hivi ndipo uifunge ndani ya kifaa. Ikishabanduliwa imeanza kutumika, na kurudisha kistika hakuihifadhi. Hapa kwetu kuna la ziada: kiangazi cha Dodoma ni kikavu, na hewa kavu huikausha betri ya namna hii mapema, kwa hiyo usibandue mbili tatu kwa pamoja eti ziwe tayari. Angalia namba pia. Namba 13 ina kistika cha rangi ya chungwa na 675 cha bluu, na haziingiliani. Usiku fungua mlango wa betri. Shimesikio ikipiga mluzi, mara nyingi kibonge cha sikioni hakijakaa sawasawa au mtoto amekua kimekuwa kidogo, au kuna nta sikioni. Kuipunguza sauti kunazima mluzi na usikivu pamoja. Betri zikae mbali na wadogo zake, na mtoto akimeza moja apelekwe hospitali hapohapo.

Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, ni ngumu na hudumu miaka mingi, lakini ina adui wawili, vumbi na mafuta. Ifunikwe kila baada ya kazi. Mafuta ya kupikia yasitiwe kamwe, maana yakichanganyika na vumbi letu huganda ndani na vitufe vinakuwa vizito. Karatasi ya daftari haifai, nukta zake hulala zikipapaswa mara chache. Tafuta karatasi nzito. Mwalimu mgeni husahau kitu kimoja: baada ya kuzungusha karatasi mpaka igote, bonyeza kwanza kitufe cha kushuka mstari, kile cha mwisho kushoto, ndipo uanze kuandika. Na nukta za herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. Ukibonyeza kimoja kimoja, kila nukta inakwenda chumba chake.

Sasa namna ya kufundisha, ambako ndiko mambo huharibika. Kijana ana haraka. Mama akikwama, kijana ananyakua simu, anabonya mara tatu, anarudisha: "Tayari, mama." Mama anaondoka bila alichojifunza. Sharti la kwanza liwe hili: kifaa hakitoki mkononi mwa anayejifunza. Mwanafunzi aelekeze kwa mdomo tu, "Mama, gonga mara mbili, haraka kidogo," na asubiri. Mtu mzima mmoja, mwanafunzi mmoja, kifaa kimoja, jambo moja, nusu saa. Kabla ya kuondoka alifanye mwenyewe mara tatu bila kuelekezwa, tena kwenye simu yake, maana menyu za simu hazifanani.

Heshima nayo izingatiwe. Mwalimu asifundishwe na mwanafunzi wake mbele ya darasa zima. Watumie ofisi au maktaba baada ya vipindi. Mwanafunzi aamkie kwanza, na mtu akikosea aseme "tujaribu tena, mwalimu." Katika vijiji vya Chamwino na Bahi wapo wazee wanaoelewa Kigogo vizuri zaidi, na Kondoa Kirangi, basi apangwe mwanafunzi anayekizungumza nyumbani.

Kikwazo kimoja kiko mikononi mwa shule. Wanafunzi wanakatazwa simu, na sababu zake nazielewa na kuziheshimu. Lakini kwa mtoto asiyeona simu inayosoma ni daftari lake. Iandikishwe kama kifaa cha kujifunzia, ikae kwa mwalimu wa elimu maalumu au matroni, itolewe kwa saa zilizopangwa. Vinginevyo tunamnyima kifaa, halafu tunashangaa hakimudu.

Ninawaomba wakuu wa shule waanze na kikao cha wazazi cha kufungua muhula ujao. Zipangwe meza tatu pembeni, moja ya kishikwambi, moja ya shimesikio, moja ya Perkins, kila moja na wanafunzi wawili wanaopokezana na mwanachuo mmoja wa kuandika maswali yaliyoshindikana. Maswali hayo apewe ofisa elimu maalumu wa halmashauri, na majibu yarudi kabla ya kikao kinachofuata.

Mdau wa elimu jumuishi,
Dodoma