Mwanangu, hiyo nafasi ya akiba usiikatae

Mwanangu kipenzi,

Voisi noti yako ya jana usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili baba yako akiwa pembeni, ya tatu peke yangu kitandani, na nimeona bora nikuandikie kuliko kukupigia maana kwenye simu tukianza tu wote tunalia na salio linaisha. Kwanza hongera. Najua hutaki kusikia hongera, unataka nikasirike pamoja na wewe kwamba uliimba vizuri kwenye audisheni ya onyesho la nyimbo, wakakuita mara ya pili, wakakuita ya tatu, afu dairekta anakwambia utakuwa kwenye kwaya ya nyuma na utajifunza nafasi ya yule dada mwenye nafasi kuu ili siku akiumwa uingie wewe. Ukasema, "mama, yaani mimi tairi la spea." Hilo neno limenichoma ndo maana naandika.

Sikia mama. Siku zote nimekwambia niliacha usanii kwa sababu niliolewa. Sio kweli yote. Ngoja nianzie mbali kidogo unielewe.

Unapajua pale Mazimbu, kampasi ya Solomon Mahlangu ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, tunapopita tukienda kwa shangazi yako. Zamani ile ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ya chama chao cha ANC. Wale watoto wengi walikimbia kwao baada ya Juni 16, 1976, polisi walipowapiga risasi wanafunzi wa Soweto waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana (ndo hiyo Siku ya Mtoto wa Afrika mliyokuwa mnaandamana nayo shule ya msingi), wakahangaika nchi hii na ile mpaka wengine wakafika Tanzania, serikali ikawa imetoa shamba la zamani la mkonge, shule ikaanza 1978. Hilo jina ni la kijana wao aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979. Babu yako alikuwa fundi mwashi, alipata kibarua cha kujenga pale miaka mingi, na mimi likizo nilikuwa nampelekea chakula.

Siku moja nimekaa juu ya matofali, bakuli nimelifunga kwa kanga, namsubiri babu yako ashuke kwenye jukwaa la ujenzi, wakatoka wanafunzi kundi zima wanafanya mazoezi ya sherehe yao. Hawana ngoma hawana gita. Msichana mmoja akaanzisha, sauti nyembamba hivi, kabla hajamaliza mstari wenzake wote wakamdaka, wanaume chini kabisa kama ardhi inanguruma, miguu inapiga pamoja mpaka vumbi jekundu likawafika kiunoni. Katikati yule msichana akapaliwa, akakohoa. Mwanangu, wimbo haukuyumba hata kidogo, mwenzake wa pembeni aliingia kwenye neno lilelile, sauti ileile, kama vile walikuwa na koo moja, na yule alipomaliza kukohoa akarudi na mwenzake akashuka akarudi kwenye sauti yake. Nilisahau chakula cha baba. Nikasema na mimi nataka hiki.

Ndo nikaenda Dar 1989, nikajiunga na kikundi cha sanaa. Nyie leo mnasema musiko (musical), sisi tulisema onyesho, lakini kazi ni ileile, unaimba, unacheza na unaigiza usiku mmoja kwa mwili mmoja. Enzi zile vikundi vilikuwa moto, ikafika kipindi vikundi vikubwa, Muungano na TOT, wanapambanishwa, watu wanajaa mpaka wengine wanapanda miti. Sisi tulikuwa kikundi kidogo tu, uani kwenye baa. Jumapili saa tisa mchana ni ya watoto, usiku ni ya wakubwa, tunafungua na ngoma, sarakasi, kichekesho, afu igizo lenye nyimbo, taarabu inafungia. Mtu mmoja unacheza sindimba hadi jasho linaingia machoni, unakimbilia nyuma ya turubai unajifunga kanga unakuwa mama mkwe, nusu saa baadae umevaa gauni la kung'aa unaimba na watu wanakutuza noti kwenye paji la uso. Nilikuwa na furaha sana, sikufichi.

1994 nikapewa nafasi kubwa kwenye igizo letu, mke mdogo, nyimbo nne peke yangu. Kulikuwa na binti mwenzangu, mpole, sauti nzuri tu, akaniomba nimfundishe zile nyimbo. Alisema, "dada, siku ukichoka nikusaidie." Nikamkatalia. Nikawa hata mazoezini nikiona anasogea karibu naimba nusu sauti ili asizidake vizuri. Niliogopa, mwanangu, niliona atanichukulia nafasi yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya baba yako.

Tukaenda safari ya mikoani, malaria ikanipanda. Mkubwa wa kikundi akasema watu wameshalipa, nani mwingine anazijua hizo nyimbo? Hakuna. Na hakuwepo kwa sababu mimi nilihakikisha hayupo. Nikameza klorokwini, nikaimba siku ya kwanza, nikaimba ya pili, ya tatu kwenye wimbo wa mwisho nikafungua mdomo ikatoka hewa. Hewa tupu. Watu wakadhani naigiza. Tuliporudi Dar daktari akaniambia nyuzi za sauti zimeota vinundu, ninyamaze wiki kadhaa, hata kunong'ona nisinong'one maana kunong'ona nako kunazikaza nyuzi. Nilinyamaza, sauti ya kuongea ikarudi, lakini ile ya juu haikurudi tena mpaka leo. Ndo maana kanisani unaniona naimba sauti ya pili, watu wanadhani napenda.

Ni kipindi hicho nimekaa sina kazi, shoga yangu mmoja akanivuta kwenye kibanda cha video Manzese, wanaonyesha Sarafina. Unaijua, umeiona mara mia, ile filamu ya 1992 ya wanafunzi wa Soweto, yenye Whoopi Goldberg na mama Miriam Makeba. Nilivyoona wale watoto wanaanza kuimba uwanjani nikajishika mdomo, maana ni Mazimbu kabisa, mwendo uleule, vumbi lilelile. Na yule binti katikati yao, Leleti Khumalo. Tangu siku hiyo kila kitu chake nakifuatilia, na nataka ujue habari yake vizuri kabla hujawajibu hao watu wako.

Leleti kazaliwa 1970 KwaMashu, kitongoji cha watu weusi nje ya Durban. Hakutoka chuo cha sanaa chochote, alikuwa kwenye kikundi cha watoto wanacheza hapo mtaani, ndo Mbongeni Ngema, mtunzi wa Sarafina, alipomwona, akaja kuiandika ile nafasi ya Sarafina huku akimfikiria yeye. Kabla ya filamu, onyesho lilianza jukwaani Market Theatre, Johannesburg, 1987, na mwaka huohuo wakaenda New York, na Januari 1988 wakaingia Broadway kwenyewe, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, ukumbi wa Cort Theatre. Fikiria mtoto wa miaka 17 kutoka kitongojini, Mandela bado yuko jela, na wao wanaimba kila usiku mbele ya Wamarekani habari ya siku atakayotoka. Walicheza mara 597 pale Broadway mpaka Julai 1989. Mara 597 mama! Broadway ni maonyesho nane kwa wiki, siku nyingine mawili kwa siku moja, mchana na usiku. Ukiniuliza kazi ya mwigizaji wa jukwaani ni nini nitakwambia ni hiyo namba, kwamba aliyekuja siku ya 400 kalipa sawa na aliyekuja siku ya kwanza na hajui kama jana yake umelia au mgongo unakuuma.

Afu angalia lile onyesho lenyewe. Jina ni la mtu mmoja lakini muda mwingi steji imejaa, ni darasa zima linaimba, Leleti anatoka katikati yao anasema yake anarudi katikati yao. Toa wale wa nyuma uone kama kuna Sarafina. Walimpendekeza kwenye tuzo za Tony 1988, tuzo kubwa za Broadway, ana miaka 18, hakuipata, na onyesho zima lilipendekezwa mara tano halikupata hata moja. Na bado ni hilo tuliloangalia Manzese tumebanana kwenye mabenchi, wengine wamesimama nje wanachungulia dirishani.

Na huyo Ngema mwenyewe (amefariki Desemba 2023 kwa ajali ya gari, Mungu amrehemu) unajua alianzaje? Alikuwa kibarua kiwandani, akaitwa kupiga gita tu kwenye mchezo wa mwenzake, kakaa pembeni na gita lake anasikiliza mazoezi kila siku mpaka maneno ya mhusika mkuu yote yakamwingia kichwani. Siku ya onyesho yule mwigizaji hakutokea. Ngema akasimama. Hakuna aliyempa cheo cha akiba, alijifunza kwa kupenda, na wewe unapewa kwa mkataba na unalipwa unasema tairi la spea!

Huko kwenye maonyesho makubwa hiyo ni kazi kamili yenye jina lake na mshahara wake, na kuna wengine wanashika nafasi sita saba za kwaya kwa wakati mmoja, leo anasimama kushoto kesho kulia, kila mmoja ana hatua zake na sauti yake, anaambiwa saa kumi na moja jioni kwamba leo wewe ni fulani na saa moja pazia linafunguliwa. Nawaheshimu kuliko mastaa. Na hata The Lion King, hiyo ya Simba na Rafiki, majina yetu kabisa ya Kiswahili, ipo Broadway tangu 1997, London tangu 1999, Hamburg tangu 2001, ndani yake wapo waimbaji wa Afrika Kusini wengi tu ambao majina yao hayako kwenye bango, wako kwenye kwaya, na kwa kwaya hiyohiyo wanasomesha watoto. Mkate wa kazi hii mkubwa uko huko nyuma, mwanangu, huko mbele pana watu wawili watatu tu.

Sasa sikuambii usimtamani yule dada nafasi yake. Itamani. Ila jifunze nyimbo zake zote mpaka pumzi anapovutia, na umwambie wazi kwamba unajifunza, kama yule binti alivyoniambia mimi. Akikukazia, usimchukie, mpelekee maji ya moto, anaogopa tu, mi namjua huyo mtu. Labda siku moja atakohoa katikati ya mstari na wewe utakuwa pembeni.

Sauti yako ndo mtaji. Ukiumwa sema unaumwa, usimeze dawa ukapanda jukwaani kwa aibu, hata wakikununia. Acha kupiga kelele kwenye daladala, acha kulala saa tisa usiku na simu, kunywa maji, na asubuhi kabla hujaimba kwa nguvu uanze kwa kuguna mdomo umefumba, taratibu, kama unavyombembeleza mtoto. Kujifukiza kwa mvuke wa maji matupu kunatosha, usiniwekee mavitu makali ya TikTok humo. Mkataba usome wote, uulize siku za mazoezi zinalipwa au hazilipwi, na nauli ya usiku nani anatoa, maana sisi tulikuwa tunalala kwenye viti vya baa kusubiri daladala ya alfajiri.

Na mwili wako usiuonee haya. Leleti ana yale mabaka meupe ya ngozi, miaka mingi akiyafunika na vipodozi, baadae akaamua kutokea kwenye tamthilia ya televisheni hivohivo na ngozi yake. Nilimpenda mara ya pili. Wewe na hiyo alama ya moto mkononi unayoifichaga na mikono mirefu, waulize tu mavazi wamepanga nini, wala usiombe msamaha.

Baba yako anasema ukikubali atalipa kodi ya miezi mitatu, hajasema zaidi, unamjua, lakini asubuhi nimemsikia akiimba bafuni. Nimekutumia asali ya Uluguru kwa basi la saa nne, kaipokee Mbezi pale stendi ya Magufuli, namba ya konda nimekuwekea WhatsApp.

Shoo ikianza ntakuja na treni ya umeme, sitaki unisubirishe mpaka siku utakayoingia nafasi kubwa, nataka siku ya kawaida tu ukiwa kwenye kwaya. Niambie utakuwa unasimama upande gani, kulia au kushoto, ili nikate siti ya upande huo.

Mama yako
Morogoro