Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mpira wa Kikapu wa Viti Mwendo kwa Watoto na Watu Wazima, Moshi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, makocha wetu wa kujitolea na mafundi wetu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu kila mwaka na kueleza kilichofanyika, kisichofanyika na sababu zake. Nitaanza na jambo ambalo najua limewaudhi baadhi yenu, kwa kuwa mengine yote yanatokana nalo. Mwezi Juni kamati ya utendaji iliamua kutopeleka timu ya watu wazima kwenye mashindano ya nje ya mkoa, na fedha zilizotengwa kwa safari hiyo zikahamishiwa kwenye nauli za watoto na ukarabati wa viti. Wachezaji wetu wakubwa walikuwa wamejifua kwa miezi mingi wakiisubiri safari hiyo, na wapo waliokuja nyumbani kwangu kunieleza uchungu wao. Niliwasikiliza, niliumia pamoja nao, na hata leo naamini kamati iliamua sawasawa.

Masika yalipokolea mwezi Aprili, tulifungua daftari la mahudhurio tukakuta watoto wanapungua Jumamosi hadi Jumamosi, ilhali hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuchoka mchezo. Katibu na mimi tuliwafuata majumbani mwao, Pasua, Njoro, Kiboriloni na Rau, na kila tulipobisha hodi tulielezwa habari moja. Mama anambeba mtoto mgongoni hadi barabara ya lami, kwa sababu kiti mwendo hakipiti kwenye tope. Akifika kituoni, daladala ya kwanza inampita, na ya pili ikisimama kondakta anadai nauli ya mtoto na ya kiti pia. Na mtoto akishafika miaka 9 au 10 mgongo wa mama haumwezi tena. Bajaji ingemaliza shida hiyo yote, lakini nauli yake ya kwenda na kurudi ni unga wa siku kadhaa katika nyumba hizo. Tulikuwa tumenunua mipira, tumepaka mistari ya uwanja na kushona jezi, na mtoto amekaa kibarazani Rau akitazama mvua.

Tangu Julai tuna makubaliano na madereva wawili wa bajaji ambao kila Jumamosi wanazunguka kwa ratiba moja, nao wamefundishwa namna ya kumnyanyua mtoto asiye na nguvu za kiuno bila kumvuta kwa mikono. Watoto wamerudi. Nawaomba wachezaji wakubwa walipime jambo hili kwa haki: timu inaweza kukosa mashindano ya mwaka mmoja na ikabaki timu, lakini mtoto akikatiza mazoezi kwa miezi mitatu viungo vyake vinakakamaa, anazoea kukaa ndani, na kumtoa tena ni kazi kubwa kuliko ile ya mara ya kwanza.

Kuhusu mazoezi yenyewe, mwaka huu tulifanya badiliko ambalo tulipaswa kulifanya zamani, la kuwatenganisha watoto na watu wazima. Mchezo huu ulizaliwa hospitalini katika miaka ya 1940, kwa askari wa Marekani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili wakiwa wamepooza au wamekatwa miguu. Uliingia katika Michezo ya Paralimpiki ya kwanza kule Roma mwaka 1960, na wanawake wakaruhusiwa mwaka 1968. Ni mchezo uliotungwa kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wanatembea kisha wakaumia. Wachezaji wetu wakubwa wengi ni wa namna hiyo: wapo waliogongwa wakiwa kwenye bodaboda, wapo walioanguka mtini wakikata majani ya ng'ombe, na yuko mwashi aliyeporomoka na jukwaa. Watu hawa wanakuja uwanjani na msiba wa mwili waliokuwa nao, na kocha anayewapa mpira siku ya kwanza bila kuuheshimu msiba huo huwapoteza. Wanahitaji muda, wanahitaji kukaa na mwenzao aliyetangulia kuumia, na mara nyingi mazungumzo ya chini ya mwembe baada ya mazoezi yanawasaidia kuliko mazoezi yenyewe.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi hana msiba wa namna hiyo. Hajawahi kutembea, hivyo hakuna anachokililia. Kwake kiti ni mwendo kasi, na ukimpa kiti kinachomtosha anachotaka ni kukimbizana. Kwa hiyo watoto wetu wadogo sasa wanaanza na mchezo wa kukimbizana, kusimama ghafla na kugeuka, na mpira unaingia baadaye. Sheria inasema mchezaji mwenye mpira asisukume magurudumu zaidi ya mara mbili mfululizo bila kuudunda, kuupasi au kuurusha. Kwa wadogo tumeilegeza sheria hiyo, tunawaachia mpira mapajani hadi mikono izoee, na tunatumia mpira mdogo, namba 5. Ringi ya kawaida iko mita 3.05 kutoka ardhini, na viti havikuishusha hata sentimita moja kwa watu wazima. Kwa watoto, fundi wetu wa kuchomelea aliunda mlingoti wa kuhamishika, akausimika kwenye zege ndani ya tairi kuukuu la lori, na ringi yake ina mita 2.60. Siku ya kwanza ulipowekwa, msichana wa miaka 8 ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuugusa hata wavu alifunga kikapu, kisha akakaa kimya akiitazama mikono yake. Nimekuwa katika chama hiki tangu kilipoanzishwa na sijawahi kuona fedha ndogo kama ya ule mlingoti ikifanya jambo kubwa namna ile.

Usalama wa watoto hawa unahitaji maarifa ambayo makocha wengi wa mpira wa kikapu hawafundishwi. Watoto wenye mgongo wazi wako katika hatari kubwa kuliko wengine ya kudhuriwa na mpira asilia (lateksi), ule unaotengenezewa maputo na glovu za hospitali, kwa hiyo katika Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, hatukuweka puto hata moja, na mipira yetu ni ya ngozi bandia. Wengi wao hutolewa mkojo kwa mrija kila baada ya saa chache. Tulizungushia turubai kona moja ya stoo, tukaweka maji, sabuni na meza, ili mama asilazimike kumkatisha mtoto mazoezi au kumhudumia mbele za watu. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mtoto kwamba inaumia, hivyo kila mapumziko wote hujiinua kwa mikono kutoka kwenye mto wa kiti, wakubwa kwa wadogo, na kila mzazi anakagua makalio na visigino jioni. Mazoezi huanza saa 1 asubuhi, kwa sababu mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa juu hatoki jasho sehemu kubwa ya mwili, na jua la Januari la Moshi linaweza kumwangusha bila dalili tuliyozoea.

Wapo waliouliza kwa nini tunawaruhusu kaka na dada wasio na ulemavu kukaa kwenye viti na kucheza. Tulifanya hivyo kwa sababu mtoto mmoja mwenye kiti mwendo mtaani hawezi kucheza mechi peke yake, na ndugu yake aliyejifunza kucheza akiwa ameketi ndiye mwenzake wa kila siku uani. Nchini Kanada wasio na ulemavu wanaruhusiwa hata katika ligi za ndani. Sharti letu ni moja tu: kiti kikihitajika na mwenye ulemavu, ndugu anashuka.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la pointi, kwa kuwa malalamiko mengi ya timu ya wakubwa yamezaliwa hapo. Kila mchezaji hupangiwa daraja la pointi kuanzia 1.0 hadi 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, hasa uthabiti wa kiwiliwili, na wachezaji watano walioko uwanjani kwa wakati mmoja hawaruhusiwi kuzidi jumla ya pointi 14. Wachezaji wenye pointi kubwa, wengi wao waliokatwa mguu mmoja, wamezoea kuwaona wenye pointi 1.0 kama mzigo wa kubebwa. Hesabu yenyewe inawakatalia, kwa kuwa wachezaji watatu tu wa 4.5 wakiingia pamoja wameshafika 13.5, na hakuna timu ya watu watano inayoweza kukamilika hapo. Mchezaji wa daraja la chini anayejua kuweka kiti chake mahali sahihi, akamzuia mlinzi na kumfungulia mwenzake njia ya kwenda kwenye ringi, ana thamani kuliko mrefu anayerusha kila mpira anaoupata, na mwaka huu makocha wameelekezwa kumfundisha kazi hiyo badala ya kumweka benchi. Vilevile nawaomba mwatangazie jamaa zenu kwamba si lazima mtu awe anatumia kiti mwendo kila siku. Aliyekatwa mguu na anayetembea kwa mguu bandia anakaribishwa. Wako wengi mjini hapa ambao hawajui kwamba mchezo huu ni wao pia.

Wanawake watu wazima bado ni wachache mno, na hilo naliandika kama upungufu wa kamati, maana tuliwaita mazoezini saa ambazo ama wako sokoni ama wanapika, tena chini ya makocha wanaume watupu. Tangu Septemba wana saa yao ya Jumapili jioni na kocha mwanamke. Jirani zetu wa Kenya walipeleka wanawake kucheza mchezo huu wa watatu kwa watatu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na mchezo wa namna hiyo unahitaji nusu uwanja, ringi moja na viti sita. Viti hivyo sita tunavyo.

Viti ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Kiti cha kuchezea hakikunjiki, ni chepesi, na magurudumu yake makubwa yametanuka chini na kuinamiana juu ili kisipinduke kirahisi na kigeuke upesi. Kile cha kukunja cha hospitali hupinda fremu kwa mgongano wa kwanza na kinaweza kumtupa mchezaji. Tunavyo 11 vya kuchezea, na siku ninapoandika vitatu vimelala stoo vikisubiri beringi za magurudumu madogo ya mbele. Tyubu, tairi na spoku tunapata kwa mafundi baiskeli wa Majengo, na fundi wetu mmoja amekuwa hodari wa kunyoosha ringi za magurudumu. Beringi za ukubwa ule hazipatikani hapa. Mwaka huu mfadhili mmoja alitaka kutuletea shehena ya viti vya hospitali. Tulimshukuru, tukamweleza tofauti, naye kwa uungwana akakubali kununua viwili vya kuchezea pamoja na vipuri vya mwaka mzima. Nakiri pia kwamba tunaishi mji mmoja na TATCOT, chuo kilichoko hospitali ya KCMC kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia, na hatujawahi kuwaandikia barua rasmi. Kosa hilo ni langu, na barua itaandikwa.

Hesabu za fedha mmepewa mlangoni, zimekaguliwa, na mweka hazina atajibu maswali. Nitaongeza jambo moja tu, kwamba halmashauri kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mkopo hurejeshwa, hivyo haufai kulipia bajaji za watoto. Unafaa kwa karakana ya kutengeneza viti na baiskeli za magurudumu matatu kwa malipo, na wanachama watano wameanza kuandaa maombi.

Uwanja tunaoutumia ni wa kuazima, ilhali kucheza ni haki ya watoto wetu kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo sawa na wenzake, shuleni kukiwemo. Mimi niliugua polio nikiwa na miaka mitatu, na katika shule yangu ya msingi kipindi cha michezo nilipewa kazi ya kulinda nguo za wenzangu. Niliifanya kwa uaminifu miaka saba. Tumeshaomba kukutana na maofisa wa elimu na michezo ili shule mbili za kuanzia zipate njia za mteremko za kuingia viwanjani na mwalimu mmoja kila moja aliyefunzwa na makocha wetu.

Kwa hiyo leo kamati inawaomba mpige kura kwa mambo matatu. Kwanza, nauli za watoto ziwe fungu la kudumu la bajeti lisilohamishwa bila idhini ya mkutano mkuu. Pili, ada ya mwanachama iongezwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kabrasha, nyongeza yote iende kwenye vipuri. Tatu, timu ya watu wazima iende mashindanoni mwakani, kwa fedha itakayoanza kuchangwa mwezi huu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga.

Naomba kuwasilisha.