Barua kwa mwanangu anayeanza kidato cha kwanza

Mwanangu mpenzi,

Begi lako nimelipanga mwenyewe. Lenzi yako ya kukuzia herufi iko mfuko wa mbele, ndani ya soksi ya pamba, na ile darubini ndogo iko ubavuni mwake. Lenzi usiiache dirishani juu ya daftari: jua likiipiga, karatasi inaweza kushika moto. Ikiwa na vumbi usiifute kavu, itachubuka. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo.

Kabla hujapanda gari, kuna jambo nataka nikuombe msamaha. Ulipokuwa darasa la kwanza ulisoma pua ikigusa kitabu, na mimi kila mara nilikivuta. "Utaharibu macho!" Nawe kwa utiifu wako ukakiweka mbali, mwisho ukaacha kusoma kabisa. Mpaka tulipofika kliniki ya macho ya hospitali ya KCMC, Moshi, ndipo nikaelezwa kwamba kusoma karibu hakuharibu jicho. Kitabu kikisogea karibu, herufi zinaonekana kubwa, basi. Ni ualbino unaoyafanya macho yako yachezecheze na yasione vitu vidogo hata ukivaa miwani. Nililia njia nzima kurudi Mwanga. Nisamehe, mama.

Siku hiyohiyo ulipewa lenzi ya dayopta 20, ndicho kipimo cha nguvu yake. Ukaambiwa uilaze juu ya maandishi, uiinue taratibu mpaka herufi zitulie, kama sentimita 5 hivi, kisha jicho liifuate lenzi karibu kabisa. Tulipopanda basi ukaichukua tiketi mkononi mwangu ukaisoma yote, hadi ule mstari wa chini ambao hata mimi sikuwahi kuusoma. Ukarudia tena. Kondakta akabaki anakutazama.

Huko bweni wenzako watataka kuichungulia. Wape waone, halafu ikurudie mkononi. Darasani kaa mbele, dirisha liwe nyuma yako, mwanga usikupige usoni. Ubao usome kwa darubini, mstari mmoja mmoja, na kwa kuwa inachukua muda, mwombe mwalimu atamke anachoandika. Kofia usiiache.

Ukiinamisha kichwa kushoto macho yako hutulia, ndivyo yalivyo. Kuna mwalimu aliyekuchapa kwa ajili hiyo akidhani ni kiburi, na sikusema kitu. Safari hii nimeyaandika yote kwenye barua ya mwalimu wako wa darasa, iko kwenye bahasha ya kaki. Nimeomba pia mitihani yako iwe ya maandishi makubwa, na uongezewe muda. Ni haki yako, ila wakumbushe mapema, wasingoje wiki ya mtihani. Kuna watoto wa hali yako waliofundishwa nukta nundu, yale maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, nao wakawa wanazisoma kwa macho, kwa sababu tu hakuna aliyewapa lenzi.

Jumapili nitampigia matroni. Uniambie umesoma kitabu gani.

Mama yako