Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkongwe Anasomewa na Nani?

Ndugu wanachama,

Nianze na deni. Katika mkutano mkuu uliopita nilisimama mbele yenu nikaahidi kwamba kituo chetu cha waandishi kitaongeza nguvu kwa waandishi chipukizi, na kwamba wakongwe wetu watakuwa nguzo za kazi hiyo. Mkapiga makofi. Nusu ya kwanza ya ahadi tumeitimiza kwa kadiri ya uwezo, nami nitaeleza. Nusu ya pili imenikosesha usingizi, maana nguzo huwa haiulizwi kama imechoka.

Mapema katika msimu wa ulezi, ambapo waandishi wazoefu husoma na kuongoza kazi za chipukizi, mmoja wa walezi wetu, mwandishi ambaye vitabu vyake wengi wenu mnavyo nyumbani, alinirudishia bahasha yenye miswada mitatu. Hakuwa ameifungua. Wala hakuwa na hasira. Aliniambia tu, "Mwenyekiti, miaka yote hii nasoma kazi za watu. Yangu mimi kaisoma nani?" Sikuwa na jibu. Jioni ile nilifungua rejista ya ulezi nikalitafuta jina lake. Kwenye safu ya wanaosoma lilikuwapo kila msimu. Kwenye safu ya wanaosomewa halikuwapo hata mara moja. Nikashuka na majina ya wakongwe wengine, na hali ikawa ile ile.

Kwa hiyo msishangae nikikaa sana kwenye jambo hili na kuyapita mengine haraka. Hesabu mtazipata kwa mweka hazina, na ripoti ya maktaba imeambatishwa.

Ulezi wa chipukizi

Utaratibu haujabadilika. Anayetaka kulelewa analeta sura za mwanzo na muhtasari. Wasomaji wawili wanazipitia bila kujua ni za nani. Anayepita anapangiwa mlezi, na wanakutana mpaka rasimu nzima ipatikane. Tulichobadilisha ni maelekezo kwa mlezi. Zamani tulimpa orodha ndefu ya vitu vya kukagua, na matokeo yake miswada ilirudi imejaa wino mwekundu huku mwandishi hajui aanzie wapi. Sasa tunamwomba asome yote kwanza bila kalamu mkononi, kisha amwambie mwandishi ni wapi alisahau kwamba anasoma na ni wapi alikumbuka.

Niliingia kwenye kikao kimoja kama mtazamaji. Kijana alikuwa ameandika hivi: "Aliamka. Alivaa. Alichukua mkoba. Alitoka." Mlezi akashika penseli, akaandika juu ya mstari: akavaa, akachukua mkoba, akatoka. Akamweleza kwamba -li- ikishafungua mlango, -ka- ndiyo inayowapitisha waliobaki, na kwamba aya nzima ya -li- humfanya msomaji asimame kila hatua kama gari la abiria. Kijana akakubali "akavaa". Akakubali "akachukua". Alipofika la mwisho akatikisa kichwa. "Hilo naomba libaki, mama. Alitoka na hakurudi tena. Nataka lisimame peke yake."

Mlezi aliitazama karatasi kwa muda, kisha akageuza penseli akafuta alichoandika juu ya neno lile moja. Ikabaki: "Aliamka, akavaa, akachukua mkoba. Alitoka." Mimi niliyekwenda kukagua nilisahau hata kujaza fomu ya ukaguzi, na katibu bado ananidai.

Meza ya miswada isiyo na majina

Sasa turudi kwenye ile bahasha. Mwandishi akiwa na kitabu cha kwanza, milango mingi iko wazi: mashindano, warsha, ruzuku, tuzo za chipukizi. Nyingi kati ya hizo zina ukomo wa umri au zinadai usiwe umechapisha kabla. Akifika kitabu cha tatu au cha nne, yote hayo yamemfunga nje, na sisi wenyewe tunampokea kwa kazi za bure: fundisha, hukumu shindano, andika dibaji, fungua hafla. Kuna jambo jingine baya zaidi. Watu wanaacha kumwambia ukweli. Wanafunzi wake wanamwogopa, marafiki wanamwonea haya, na mchapishaji anaona jina lake linatosha kuuza. Mswada unapita mikononi mwa wote hao bila mtu kuusoma kwa makini.

Tulichojaribu ni rahisi. Mara moja kwa mwezi wanachama wanakutana kuzungumzia mswada mmoja ambao jina la mwandishi limetolewa. Mwandishi mwenyewe yumo chumbani, kimya, kama mmoja wa wasomaji. Wenye vitabu na wasio na vitabu wanakaa meza moja.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha riwaya. Msichana mmoja aliyejiunga nasi mwaka huu alisema, bila kumung'unya, kwamba sura ya pili inamweleza msomaji mambo aliyokwisha kujionea sura ya kwanza, na kwamba yeye aliiruka akaona hakupoteza kitu. Kukawa kimya. Waliojua mwandiko ule walikuwa wanaangalia meza. Mwenye mswada, mzee wa heshima zake, alikuwa anaandika kwenye daftari kama mtu anayechukua kumbukumbu za mkutano. Wiki chache baadaye alinipigia kuniambia kwamba sura ya pili haipo tena; ameinyofoa yote, akabakisha aya mbili alizozihamishia mbele. Msichana alipopata habari mswada ulikuwa wa nani, alikwenda kuomba radhi. Mzee akamkatalia hiyo radhi, akamwomba namba ya simu ili amtumie sura ya tano.

Si wote walioipenda meza hiyo. Mwanachama mmoja mkongwe aliondoka katikati ya kikao, akasema hakuja kusahihishwa na watoto. Nilimfuata nyumbani tukazungumza. Hajarudi mezani, lakini angali mwanachama, na sioni sababu ya kumlazimisha. Nadhani pia kosa lilikuwa letu kwa kiasi: mwendesha kikao aliacha mizaha ikachukua nafasi ya hoja. Tumemweka mwendeshaji mwingine.

Chumba cha mwandishi mkaazi

Hapa kamati tendaji iligawanyika, na mna haki ya kujua. Mpaka mwaka jana mwandishi mkaazi alipewa chumba, meza na posho, kisha tukamdai madarasa mawili kwa wiki, usomaji wa hadhara na ulezi juu yake. Mkaazi wetu wa mwisho aliandika kwenye ripoti yake kwamba alifurahia kila siku ya ukaazi na hakuandika hata ukurasa mmoja. Sentensi hiyo tuliisoma kwenye kikao na baadhi yetu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilipendekeza kwamba ukaazi mmoja kati ya miwili uwe wa mwandishi mwenye vitabu, na tusimdai chochote. Mjumbe mmoja akauliza kituo kinapata nini hapo. Swali lake ni halali, maana fedha ni za wanachama. Aliyenisaidia ni mjumbe aliyekumbusha kwamba sisi si wa kwanza kufikiria hivi. Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kina programu ya kimataifa ya waandishi tangu mwaka 1967, na wanaoalikwa ni watu ambao tayari wamejijengea jina kwa kazi zao. Kwa upande wa wanaoanza, akataja Arvon ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1968, ambako wanafunzi hukaa nyumba moja kwa siku kadhaa na waandishi wenye uzoefu wakiandika. Taasisi hizo mbili hazifanyi kazi moja, na hakuna anayeona ajabu. Ni sisi tuliotaka mtu mmoja na chumba kimoja vibebe yote. Pendekezo likapita kwa tofauti ya kura moja.

Mikataba

Hapa ndipo chipukizi na mkongwe walipolingana kabisa, kwa kutojua. Siku ya mikataba tuliwaita wanachama waje na makaratasi yao, na mwanasheria aliyejitolea akayasoma nao. Aliyewahi kusaini mara sita alikuwa na mashaka yale yale ya yule anayesaini mara ya kwanza, ila yeye alikuwa na aibu zaidi kuuliza.

Kilichowagusa wengi ni mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu chake. Mkataba unasema asilimia 10, mwandishi anafurahi, na hasomi maneno matatu yanayofuata. Asilimia 10 ya nini? Chukulia kitabu ambacho bei ya jalada ni 100, na duka linachukua asilimia 40 yake. Mrabaha ukihesabiwa kwa bei ya jalada, mwandishi anapata 10. Ukihesabiwa kwa kile kinachomfikia mchapishaji, yaani 60, anapata 6. Namba kwenye mkataba ni ile ile. Tulipofika hapo mwanachama mmoja alifunga faili lake taratibu akatoka nje kupunga hewa.

Kingine ni kifungu cha haki kumrudia mwandishi kitabu kikikosekana sokoni. Mikataba kadhaa ya zamani haikuwa nacho kabisa, na vitabu vyake vimelala ghalani, havichapishwi wala havitolewi. Tumeandaa barua ya mfano ya kuomba haki zirejeshwe, na wanachama wawili wameshaitumia wakafanikiwa. Kwa wanaojichapishia, kosa la kawaida lilikuwa ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu: namba moja kuwekwa kwenye kitabu cha karatasi na kwenye toleo la kidijitali. Kila umbo linahitaji namba yake yenye tarakimu 13. Na wale wanaozidi kuniuliza wakasajili wapi mswada ili wasiibiwe: chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza mwaka 1886, ulinzi wa hakimiliki hautegemei usajili. Ukishaandika ni yako. Usajili, pale unapopatikana, husaidia kuthibitisha tu, kama zinavyosaidia rasimu zenye tarehe. Msitupe rasimu.

Waliotutoka

Mwaka huu tumempoteza mwanachama ambaye sitamtaja jina hapa, kwa ombi la familia. Mwezi mmoja baada ya mazishi binti yake alikuja kituoni na masanduku mawili ya karatasi na kompyuta ambayo hakuna anayejua nywila yake. Aliuliza swali moja: "Tufanye nini na hivi?" Ndani ya sanduku la kwanza kulikuwa na riwaya iliyokamilika, imefungwa kwa uzi, na juu yake ameandika kwa mkono, "Hii bado." Hatujui kama alimaanisha bado haijaisha au bado haijapata mchapishaji. Familia haijui. Mlezi wake hakuwapo, kwa sababu hakuwa na mlezi. Alikuwa mlezi wa watu wengine.

Mkataba wa Berne unatoa ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimeongeza hapo. Maana yake warithi watakuwa na haki hizo kwa muda mrefu, na mara nyingi hawajui hata mikataba iko wapi. Kwa hiyo tumetengeneza fomu ya ukurasa mmoja: kazi zako ni zipi, mikataba iko kwa nani, nani aamue juu ya miswada isiyokamilika, na ipi ichomwe. Ndiyo, kuna sehemu ya kuchomwa. Walioijaza mpaka sasa wameifurahia kuliko sehemu nyingine zote.

Kosa letu

Mkusanyiko wa mashairi wa kituo ulitoka ukiwa na shairi moja lililokatika. Ni tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, beti saba, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo bila hata mmoja kupungua, na sisi tukachapa beti sita. Beti la saba, lenye mshororo wa mwisho ambao shairi zima lilikuwa linaukimbilia, lilibaki kwenye kompyuta ya mpangaji kurasa. Mshairi ni chipukizi na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuchapishwa. Prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ilipita mikononi mwa watu watatu, mimi nikiwa wa mwisho, na nilisaini. Tumechapa karatasi yenye beti hilo na kuichomeka kwenye kila nakala iliyobaki, na toleo lijalo litakuwa kamili. Kuanzia sasa hakuna ukurasa utakaokwenda mtamboni kabla mwandishi wake hajauona na kutia sahihi.

Linaloletwa mbele yenu

Kamati inaomba mkutano huu upitishe marekebisho ya kanuni ya ulezi: hakuna mwanachama atakayepangiwa kulea zaidi ya misimu miwili mfululizo kabla yeye mwenyewe hajapata msomaji wa kazi yake. Tutapungukiwa walezi, nalijua hilo, na orodha ya chipukizi wanaosubiri itarefuka kwa muda. Ninaomba mpitishe hivyo hivyo.

Miswada mitatu ya ile bahasha ilipata walezi wengine. Mwenye bahasha naye amepata msomaji, na wiki iliyopita walikuwa bado wanabishana juu ya sura ya kwanza.

Fomu za kupendekeza wasomaji ziko kwa katibu, pale mlangoni. Tafadhali andikeni majina kwa herufi kubwa. Msimu uliopita mtunzi wa mashairi alipangiwa mlezi wa tamthilia kwa sababu ya mwandiko, wakakutana mara tatu kabla hata mmoja wao hajathubutu kuuliza.

Mwenyekiti