Malalamiko Kuhusu Nguo za Vichanga Zilivyoandikishwa Forodhani

Duka la Nguo za Watoto,
Chake Chake, Pemba.

Meneja,
Kampuni ya Uwakala wa Forodha,
Malindi, Unguja.

YAH: KUANDIKISHWA VIBAYA KWA NGUO ZA VICHANGA NA GHARAMA ZILIZOTOKANA NA KOSA HILO

Assalaam aleykum.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu mazungumzo yangu na vijana wako wa ofisini yamegota. Kila nikiuliza kwa nini mzigo wangu umeandikishwa vile ulivyoandikishwa, naletewa ujumbe wa sauti kwenye simu kwamba "nguo ni nguo tu, mama, ushuru ni ule ule." Jibu hilo silikubali, na nitaeleza kwa nini.

Mzigo ulitoka Guangzhou ndani ya kontena la kuchangia, ukateremshwa Malindi ili uvushwe kuja Mkoani. Karatasi zote mlikuwa nazo kabla meli haijafunga gati: ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena. Ankara ile niliihangaikia. Wauzaji wa kule hupenda kuandika "nguo za watoto" na idadi ya katoni, basi. Mimi nilizuia salio la malipo mpaka muuzaji aandike kila mstari kwa aina ya nguo, kitambaa, asilimia ya pamba na saizi, kwa kuwa nilijua afisa wa forodha atataka kuyaona hayo. Halikunipitikia wazo kwamba wakala wangu mwenyewe hataisoma.

Kosa la kwanza nalitaja kwa ufupi, maana halina utetezi. Sehemu ya nguo ilishindiliwa kwenye marobota ili kupunguza nafasi, jambo la kawaida kwa anayelipia kontena kwa ujazo. Mtu wenu akaona marobota, akaandika mitumba, kichwa 6309, yaani fungu lenye namba hiyo kwenye orodha ya forodha ya kuainisha bidhaa. Kichwa hicho kina masharti mawili yanayokwenda pamoja: nguo ziwe na dalili za wazi za kuvaliwa, na ziwe zimeletwa kwa wingi bila kupangwa, au ndani ya marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Robota peke yake haliigeuzi nguo kuwa mtumba. Afisa alipofungua akakuta vijinguo vipya vyenye lebo, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa nailoni, alifanya alichotakiwa kufanya: mzigo ukazuiwa, faini ikaandikwa kwa tamko lisilo la kweli, na storeji, yaani ada ya kuwekewa mzigo, ikaanza kuhesabu. Sijapata kuuza mtumba tangu nifungue duka, lakini leo kumbukumbu za forodha zinanionesha kama mtu aliyetaka kupitisha nguo mpya kwa mlango wa mitumba.

La pili ndilo lililonifanya nikae niandike. Mliporekebisha tamko, mlikusanya kila kilichokuwa cha kitambaa cha fulana mkakitia 6109, kichwa cha fulana, na magauni yote ya poplini mkayatia 6204, kichwa cha nguo za wanawake na wasichana. Mistari yote ya ankara yangu ikawa miwili.

Namba hizi hazikutungwa Malindi. Ni za mfumo wa HS, yaani mpangilio wa pamoja wa kuainisha bidhaa, wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika 1988, na tarakimu sita za mwanzo ni zile zile Guangzhou na hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa nane. Sura ya 61 ni ya nguo za kitambaa cha vitanzi, kama cha fulana na sweta. Sura ya 62 ni ya nguo za kitambaa cha nyuzi zinazopishana, kama poplini na khanga. Katika kila sura vichanga wamewekewa kichwa chao: 6111 kwenye ile ya kwanza, 6209 kwenye ya pili. Baada ya hapo huangaliwa nyuzi, pamba au za viwandani, na nguo ya mchanganyiko hufuata ule uzi uliozidi kwa uzito. Ndiyo maana nilimganda muuzaji aandike asilimia.

Na nani ni kichanga? Hapimwi kwa umri, wala kwa kukisia kwa macho. Maelezo ya sura hizo yanasema ni mtoto mdogo ambaye urefu wa mwili wake hauzidi sentimita 86. Maelezo ya sura si ushauri. Kanuni ya kwanza kabisa ya mfumo huo inasema bidhaa huainishwa kwa maneno ya vichwa pamoja na maelezo ya sehemu na sura. Sasa tazameni lebo. Nguo za watoto za China hupewa saizi kwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 59, 66, 73, 80, kisha 90 na 100. Jibu lilikuwa limeshonwa shingoni mwa nguo, na limo pia kwenye ankara. Saizi zote kuanzia 80 kushuka chini, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mzigo wangu, ni za 6111 au 6209. Za 90 na 100 zimeuvuka mpaka, na hizo sina ugomvi nazo. Ziende kwenye vichwa vya wavulana na wasichana, na fulana zake zibaki 6109.

Kijana wenu alinijibu kwamba fulana ya kichanga bado ni fulana, kwa hivyo hakukosea. Angesoma maelezo ya 6 ya Sura ya 61 asingesema hivyo. Nguo inayoweza kuingia 6111 na wakati huo huo ikaweza kuingia kichwa chengine cha sura ile, inaingia 6111. Hapana hiari. Hata soksi za vichanga zinafuata njia hiyo, japo soksi nyengine zina kichwa chao. Wala sidai kwamba kila kinachovaliwa na mtoto kiwekwe humo: kofia zake ni 6505 pamoja na kofia nyengine, na mablanketi ni 6301. Kofia nazo mmezitia kwenye fulana.

Narudi kwenye huko "ushuru ni ule ule." Naelewa neno hilo limetoka wapi. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una daraja la nne la asilimia 35, na nguo ni miongoni mwa bidhaa zilizotiwa humo. Lakini asilimia 35 ya nini? Forodha huanza na bei aliyolipa mwenye mzigo. Ikiitilia shaka bei hiyo, hutafuta bidhaa kama zile zile zilizokwishaingizwa, ikizikosa hutafuta za kufanana nazo. Mzigo ulioingia kwa jina la mitumba hauwezi kuacha kutiliwa shaka. Hapo simlaumu afisa hata kidogo. Alikwenda kutafuta vya kulinganisha chini ya namba mlizompa nyinyi, 6109 na 6204, akakutana na fulana na magauni ya watu wazima. Kitambaa cha fulana moja ya mtu mzima kinatoa nguo kadhaa za mtoto wa miezi mitatu. Kwa hivyo nimetozwa asilimia ile ile, kweli, ila juu ya bei ambayo sikuilipa na wala nguo zangu hazina, na VAT nayo ikahesabiwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wake.

Ulikuwa ni mzigo wa sikukuu. Anayelijua soko la Chake anajua kwamba mwaka mzima wa biashara ya nguo za watoto unategemea kumi la mwisho la Ramadhani, wazazi wanapomiminika baada ya tarawehe na kila mtoto anataka kipya cha kwendea viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi. Nguo zilinifikia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiwa umeshaandama. Hasara hiyo siidai kwenu, kwa sababu haina risiti na sitaki tupotezeane muda kwa kubishana kuhusu gauni ambalo halikuuzwa. Nadai vyenye risiti.

Faini ya tamko la mitumba na storeji yote iliyotokana na kuzuiwa kwa mzigo mnirejeshee nyinyi, pamoja na ada ya uwakala niliyolipa kamili. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 147, inamhesabu wakala kuwa ni mwenye mali kwa vitendo anavyovifanya kwa niaba ya mteja wake, na inambebesha dhamana yeye binafsi. Najua pia kwamba kifungu kinachofuata hakiniachi mimi huru. Hiyo ndiyo sababu ya haraka yangu.

Ushuru uliozidi sikudaini nyinyi. Huo uko serikalini na una njia yake. Nataka muandike maombi ya mapitio kwa Kamishna wa Forodha, chini ya kifungu cha 229, mkiambatanisha ankara, picha za lebo na mchanganuo mpya wa mstari kwa mstari. Sheria inatoa siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, na tayari baadhi yake zimeliwa na ujumbe wa sauti. Maombi yakikubaliwa, dai la kurejeshewa ushuru linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu kulipwa, na nalo mlifuatilie bila ya ada nyengine. Mchanganuo huo niuone na niutie saini kabla haujakwenda popote.

Naomba vilevile nakala za matamko yote mawili, la kwanza na lililorekebishwa, pamoja na risiti za kila malipo yaliyofanywa kwa jina langu. Nimeziomba kwa mdomo sikupewa.

Kwa mzigo unaofuata nitaomba mwenyewe uamuzi wa mapema wa uainishaji kutoka forodha, ili namba ziwe zimethibitishwa kabla kontena halijapakiwa. Kama kazi hiyo ya kutoa mzigo mtapewa nyinyi au wakala mwengine, itategemea mtakavyolishughulikia hili.

Nangoja jibu lenu la maandishi ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitapeleka nakala yake na vielelezo vyote kwa Kamishna, ambaye ndiye mtoaji wa leseni za mawakala. Jibu lipitishwe kwa mkono hapa dukani au kwa barua pepe iliyoko kwenye ankara. Ujumbe wa sauti sitausikiliza.

Wenu,

Mwenye duka,
Chake Chake.

Viambatanisho: ankara, orodha ya vifurushi, picha za lebo za saizi 59 hadi 100, hati ya faini, risiti za storeji na za ada ya uwakala.